Kilichoanguka Huliwa Leo

Kiazi kiliwekwa juu ya gazeti mbele ya magoti ya Tsune, na harufu yake ikamfikia kabla ya maneno.

"Wewe ndiye mwenye macho hapa," Shige alimwambia. "Kipasue utuambie. Ni baridi au ni jeraha?"

Walikuwa wanne darini, kwa watu wa Nyumba ya Juu, asubuhi ya mwezi wa pili, theluji bado imelala juu ya paa. Shige, mama mwenye nyumba, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na siku hizi watu aliwatambua kwa sauti. Mwanawe Eisaku alimaliza ujana wake jeshini na kwenye viwanda vya mbao. Alirudi kushika shamba baba yake alipofariki, miaka mitatu nyuma, na mpaka leo ukimpa kiazi anakigeuza geuza tu. Mkewe, Fumie, alipiga magoti karibu na tundu la ngazi, mikono juu ya mapaja, kichwa chini. Wa nne ndiye Tsune, jirani wa chini, mjane wa miaka sabini na moja. Hapa kwetu Kamesawa hakuna shamba la konyaku, hivi viazi vyetu vya mlimani, ambalo mama huyo hajawahi kulichimba.

Pande zote zilisimama chanja za mianzi, ngazi sita kwenda juu, na juu yake mbegu za nyumba nzima. Konyaku haina haraka. Ukipanda leo unakula mwaka wa tatu, na katikati hapo kila vuli unakichimba kiazi, unakilaza ndani penye joto, na masika unakirudisha udongoni. Mbegu zikioza kwenye chanja hujapoteza mavuno ya mwaka mmoja, umepoteza ya miaka mitatu. Na kona nzima ya dari ilikuwa imeoza, kutoka juu hadi chini.

Sasa swali la Shige halikuwa dogo. Kama ni baridi iliyoviua, basi jiko la mkaa lilizimika, na jiko lilikuwa kazi ya Fumie tangu theluji ya kwanza. Shige alikwisha kusema, tena mbele ya majirani waliokuja kunywa chai, kwamba ikiwa ni baridi mkwe atakwenda kwao uwandani akapumzike. Kila mtu kwetu anakujua huko kupumzika. Mke anatangulia na furushi, wiki mbili baadaye sanduku lake linamfuata. Miaka miwili ya ndoa bila mtoto, na juu yake mbegu zimekufa, nani angemtetea?

Lakini kama ni jeraha, basi kuna mtu aliviangusha siku ya mavuno akanyamaza. Hiyo kwetu ni mbaya kuliko wizi. Mwizi angalau anakuachia vingine.

Tsune alishika kisu. Jibu alikuwa nalo tangu vuli.

*

Kiazi cha konyaku hubebwa kama yai. Kigonge kidogo tu, huoni kitu leo wala kesho, lakini baada ya miezi miwili pale kilipogongwa pataanza kuwa peusi, patalainika, na maji yake yatawaharibu wenzake. Ndiyo maana wazee wetu waliweka utaratibu mwepesi. Kwenye kichwa cha kila shamba, siku ya mavuno, kunakaa kikapu kidogo. Ukiangusha kiazi, unakwenda unakitia humo na kusema kwa sauti, "Changu kimeanguka." Hakuna anayegomba. Jioni vilivyoanguka vinamenywa, vinakwanguliwa, vinachemshwa na kugandishwa kwa maji ya majivu, na wote wanakula vya moto moto na miso, rojo la maharage ya chumvi. Wanasema konyaku hufagia tumbo, hutoa hata mchanga uliomeza tangu mwaka jana. Aliyeangusha ndiye anayekwangua, na kwa kuwa kiazi kibichi kinawasha, atajikuna mpaka wakati wa kulala huku wenzake wakimtania. Yamekwisha. Kilichoanguka huliwa leo. Hakilali na wenzake.

Utaratibu mwepesi kwa kila mtu, isipokuwa kwa Tsune. Miaka thelathini na zaidi hakuwahi kutia kitu katika kikapu kile, na alihakikisha hakuna anayesahau. Yeye ndiye aliyewapigia kelele vijana wanaotupa matenga. Yeye ndiye aliyejua, kwa kukigusa tu kiazi, nani alikichimba na kwa hasira gani. Mavuno ya kwanza ya Fumie, bibi harusi wa miezi sita, mtoto wa watu wa mpunga ambaye hajawahi kupanda mlima na mzigo, aliangusha vitatu. Akavipeleka kwenye kikapu na kusema kama alivyofundishwa. Tsune hakuridhika. Jioni ile alimwondolea kitambaa alichokuwa amefunga mikononi ili akwangue kwa mikono mitupu, akamuuliza mbele za watu, "Huko kwenu uwandani mnabeba nini, maji ya kuoga?" Watu walicheka mpaka machozi. Mikono ya Fumie ilivimba, siku tatu hakuweza kushika vijiti vya kulia vizuri. Tsune alisema ndivyo mtu anavyojifunza. Nyani haoni kundule.

Vuli iliyopita mwanawe Tsune, Tokuji, alikuja kutoka mji wa Takasaki na boksi la keki za maharage. Alikuwa na chumba, alisema, kidogo lakini kikavu, dirisha linatazama ukuta wa kiwanda. Mama aje akae. Tsune alimjibu kwamba anayefanya kazi hahami. Wakaenda kumsalimu Shige, na Shige akaamua kesi kwa mzaha, huku akimimina chai.

"Mwache bwana, bado ana miguu. Ila siku akianguka mlimani nitakuandikia mimi mwenyewe uje umchukue. Na hapo hakuna kubisha."

Walicheka wote watatu, na Tsune ndiye aliyecheka sana. Siku nne baadaye alianguka.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Wengine walikuwa juu ya shamba wakila viazi vitamu, na yeye, kwa ujuaji wake, alisema atateremsha tenga moja kwanza. Kwenye ngazi za mawe, ile ya tisa au ya kumi, goti la kushoto likakataa. Halikuuma. Lilikataa tu, akajikuta ameketi, na tenga limempita kichwani, na viazi vinashuka vikigonga jiwe baada ya jiwe. Vingine viliruka ukuta vikaangukia shamba la chini. Kisha kimya. Juu huko alisikia mtu akicheka jambo jingine.

Hapo ndipo angeweza kupanda kurudi na kusema maneno mawili. Aliyasema hata, chini chini, kuyajaribu: "Changu kimeanguka." Halafu akaona uso wa Fumie, ukuta wa kiwanda, na barua ya Shige ikiandikwa na mtu mwingine kwa kuwa Shige haoni. Akaanza kuokota. Viazi thelathini na nane. Kila palipochubuka alipasugua udongo mbichi kwa dole gumba, kwa uangalifu ule ule aliowafundishia watu kazi, mpaka macho yasione kitu. Aibu ilimpanda hadi masikioni ijapokuwa hapakuwa na mtu.

Alivipeleka darini mwenyewe. Hakuna aliyekagua, nani amkague Tsune? Akavipanga kwenye chanja ya juu kabisa, kwenye kona, ambako mtu haangalii bila kupanda kigoda. Na hilo ndilo lilikuwa kosa, kosa la mtu anayeijua kazi. Maji ya kiazi kinachooza hushuka. Angevilaza chini kabisa vingekufa peke yake. Mtoto wa miaka kumi wa kijiji chetu anajua hivyo, na Tsune alijua kuliko mtoto. Lakini siku ile alikuwa anayafikiria macho ya watu, hakuyafikiria maji.

Majira ya baridi hakulala vizuri. Mara mbili alipanda Nyumba ya Juu na achari ya figili, akitafuta sababu ya kwenda darini, na mara mbili Shige alimkalisha kwenye chai mpaka jua likaondoka. Mara ya tatu, mwezi wa kwanza, Shige alikuwa amelala na Eisaku yuko msituni. Tsune aliacha bakuli la achari jikoni, akapanda ngazi, akasimama juu ya kigoda na kupapasa kona. Vidole vilizama. Alivuta vitatu akavitia kwenye mfuko wa aproni, maji yakapenya hadi kwenye paja. Alipogeuka, Fumie alikuwa amesimama na ndoo ya mkaa.

Fumie aliitazama aproni, akaitazama kona. Akaweka ndoo chini.

"Ngazi ina utelezi, bibi," alisema. "Nishike mkono tushuke pamoja."

Tsune alijiambia kwamba msichana hajaelewa, na alijiambia hivyo kila siku mpaka leo hii alipoitwa.

*

Alikipasua kiazi. Ndani, upande mmoja, kulikuwa na duara jeusi lenye ukingo uliokoza, na kutoka hapo uozo ulikuwa umesambaa. Upande wa pili nyama ilikuwa bado nyeupe, ngumu, nzima. Kilichouawa na baridi hakiwi hivyo. Baridi huua kiazi chote kwa pamoja, kikawa maji ndani ya ngozi. Lile lilikuwa jeraha ambalo kipofu angelisoma kwa kidole, na kwa kweli Shige alinyoosha mkono, akaomba akiguse.

Tsune alikifunika kwa gazeti.

"Kitakuchafua," alisema. "Ni baridi."

Moto uliwaka katika jiko, makaa yakitoa sauti ndogo ndogo. Eisaku alivuta pumzi akaitoa. Alimgeukia mkewe akamuuliza kwa upole kama kuna usiku aliopitiwa na usingizi, aseme tu, haidhuru. Fumie akajibu kwamba moto haukuzimika hata siku moja. Hakusema kwa ukali, na hakumtazama Eisaku wala mama mkwe. Alikuwa anamtazama Tsune, usoni, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga viatu.

"Haukuzimika," Shige alirudia. "Basi hivi vimeoza kwa kupenda vyenyewe."

Tsune alikuwa anakunja pembe ya gazeti. Aliikunja mara nne, kisha mara ya tano, ikawa haikunjiki tena.

Fumie akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nisameheni, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Wakamshukuru Tsune kwa kusumbuka kupanda mlima kwenye theluji. Shige akasisitiza abebe mochi chache, keki za mchele za kuchoma. Akazibeba. Njiani aliona haya ya kuzibeba na haya ya kuzitupa, akafika nazo nyumbani, akaziweka juu ya rafu na kukaa kitako mbele ya meko bila kuvua viatu vya majani. Alijiambia kwamba Fumie bado kijana. Wataelewana, Eisaku si mtu mbaya, uwandani kuna wanaume wengine. Yeye angekwenda wapi? Mzee aking'olewa hashiki udongo mwingine. Aliyasema hayo yote kwa mpangilio mzuri, na hakuna hata moja lililomshuka kooni.

*

Kesho yake, adhuhuri, mtu aligonga. Fumie alisimama mlangoni amevaa koti lake la kusafiria, furushi mgongoni, na mikononi ameshika bakuli la achari.

"Nimeona nisiondoke na chombo cha watu," alisema.

Lilikuwa limeoshwa na kukaushwa, na ndani yake kiberiti kipya, kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu. Tsune alilipokea kwa mikono miwili. Alimkaribisha ndani, Fumie akasema basi ni la saa nane na njia ya chini ina utelezi. Lakini hakuondoka. Walisimama hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, kizingiti katikati, theluji ikidondoka kutoka kwenye ukingo wa paa.

"Eisaku hakusindikizi?" Tsune aliuliza, maana ilibidi aulize kitu.

"Mama amemwambia abaki achambue viazi."

"Utarudi masika."

Fumie alirekebisha kamba ya furushi kifuani, na Tsune akaviona vidole vyake vyeusi kwa mkaa kwenye kucha, weusi wa miezi mitatu ambao sabuni haiutoi.

"Niliona siku ile ile, bibi," Fumie akasema. "Mavuno. Nilikuja kuzipanga chanja za chini, nikaona udongo uliodondoka kwenye kona ni mbichi na vingine vyote vimekauka jua. Nikapanda kigoda."

Tsune alishikilia bakuli. Kiberiti kilikuwa kinagonga gonga ndani yake na hakuweza kukizuia.

"Mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Niseme Bibi Tsune ameangusha viazi akavificha?" Fumie karibu acheke. "Nani angenisikiliza? Wangesema nalipiza ile mikono. Halafu nilidhani utasema mwenyewe. Kila asubuhi nikiwasha jiko nilikuwa nawaza, leo atakuja kusema. Hata jana. Mpaka unakata kile kiazi nilikuwa sina wasiwasi. Nilijua utasema."

"Fumie."

"Kaa vizuri, bibi. Hiyo miguu uikande kwa maji ya moto."

Akainama kuaga, mwinamo wa heshima kamili, ule wanaopewa walimu, akageuka na kushuka. Hakugeuka nyuma. Alitembea katikati ya njia kwa hatua fupi, kama alivyofundishwa kutembea na mzigo, na aliyemfundisha alikuwa Tsune.

Afadhali angemtukana. Tusi mtu unalijibu, unalala nalo, asubuhi limepoa. Lakini kuaminiwa mpaka dakika ya kisu! Tsune alisikia uso ukiwaka, akakumbuka kwamba msichana alimshika mkono kwenye ngazi yenye utelezi huku akijua alichobeba mfukoni. Aliweka bakuli chini. Akachukua fimbo, na badala ya kumfuata Fumie, kwa kuwa miguu yake isingemfikia na maneno yake hayakuwa ya Fumie, akaanza kupanda mlima.

Kwa kawaida ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Siku ile goti lilikataa mara mbili. Mara ya kwanza alishika ukuta, mara ya pili hapakuwa na ukuta, akaenda kwa mikono na magoti hatua kadhaa katikati ya mchana, mahali ambapo kijiji kizima kinaona, na mama wa nyumba ya ng'ambo aliyekuwa anaanika figili akaacha kuanika. Tsune alimwona akimwona. Akaendelea.

Shige na Eisaku walikuwa kwenye ukumbi wa udongo, wamezungukwa na viazi, wakitenga vizima na vibovu. Eisaku alikuwa anamwonesha mama yake kila kimoja na mama anapapasa. Tsune hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo, penye maji ya uozo, akaweka mikono chini.

"Si baridi," alisema. "Nilianguka mimi. Kwenye ngazi za mawe, siku ya tatu ya mavuno. Viazi thelathini na nane. Nikavipaka udongo nikaviweka juu. Moto haukuzimika."

Kisha akashindwa kuendelea, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Miezi mitatu ya kubeba, na ilipotoka haikujaza hata mdomo.

Eisaku alichukua kiazi kilichopasuliwa, kilichokuwa karibu na mguu wake, akaliangalia lile duara jeusi. Alilipitishia kidole. Bila shaka jana pia angeliona kama mtu angemwonesha. Alisimama, akasema basi ni la saa nane, akauliza saa ngapi sasa, hakungoja jibu. Walimsikia akikimbia kwenye theluji bila koti, viatu vikipiga makofi.

Wakabaki wawili. Shige alikuwa amegeuzia uso wake mlangoni, alikotokea mwanawe, na macho yake meupe yalikuwa wazi.

"Jana nilitaka kukigusa," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanifunikia."

"Ndiyo, Shige."

"Mimi nimemfukuza mtoto wa watu kwa mdomo wako." Alisema polepole, kama anayepapasa kitu kwenye giza. "Kwa sababu nilisema, Tsune akisema basi. Miaka yote nasema hivyo. Hata marehemu mume wangu nilimwambia hivyo."

Tsune hakuinua kichwa. Alingoja afukuzwe, na kwa hakika alitamani, maana mtu akikufukuza anakupa pa kwenda. Shige hakumfukuza. Alisema Tokuji ataandikiwa, na Tsune akasema aandikiwe. Halafu Shige akasema kwamba kule juu bado kuna chanja mbili hazijateremshwa, na Eisaku hayupo, na yeye haoni, na kila saa inayopita maji yanashuka.

"Wewe unaona," alisema. "Panda."

Tsune akapanda. Ngazi ile ina vipago kumi na vitatu, na alipumzika kwenye kila kimoja. Darini jiko lilikuwa linawaka bado, na kando yake ndoo imejazwa mkaa hadi juu. Aliyeondoka alikuwa amewaachia wa siku mbili. Alianza kona ile. Alikichukua kimoja kimoja, akakigeuza, akakikandamiza kwa dole gumba, kibovu kwenye tenga la kushoto, kizima kwenye la kulia, na cha shaka alikiita kwa sauti, "Hiki sijui," na Shige kule chini akajibu, "Kitenge peke yake." Walifanya hivyo muda mrefu.

Ilipopita saa nane alisikia basi likipiga honi kwenye daraja, kisha mlio wake ukapotea bondeni. Tsune aliacha mikono juu ya chanja. Kusikiliza hakukusaidia, theluji hula kila sauti.

Kuna dirisha dogo darini, la kupitishia hewa, lenye kibao cha kusukuma. Tsune alikisukuma. Njia ilionekana yote mpaka kwenye mti wa persimoni, nyeupe, yenye alama za viatu vya kushuka na alama za mtu aliyetambaa. Akangoja, shingo nje, baridi ikimkata masikio.

Wakatokea wawili. Eisaku alikuwa mbele, furushi mgongoni mwake, kichwa kimelowa. Fumie alikuwa nyuma hatua kumi, mikono mitupu, na haikuonekana kama amekubali kurudi au amekubali kupanda tu. Walipofika kwenye zile alama za magoti alisimama akaziangalia, akazifuata kwa macho, polepole, ukuta, kizingiti, mlango, mpaka akafika kwenye paa na dirisha.

Tsune alitaka kurudisha kichwa ndani. Kibao kilikuwa mkononi mwake, ilikuwa kazi ya kukiachia tu. Uso ulimwaka kwa aibu, machozi yakamjia, na pua ikaanza kutoka kamasi kama mtoto. Hakukiachia. Alibaki pale pale dirishani, akitazamwa, huku Fumie amesimama chini kwenye theluji, uso ameuinua.